Mkereketwa wa chama hukereketwa na nini?

ISOME sentensi hii, msomaji wangu, kisha uniambie imetaja watu wa aina ngapi: 'Wafuasi wa mbunge huyo walifunga barabara mjini Malindi huku wakereketwa wa chama pinzani wakiwazomea, kabla ya polisi kuwatawanya mashabiki hao.' Nimeiunda mwenyewe, lakini yeyote aliyezoea kusoma na kusikiliza habari za siasa za Pwani hataiona ngeni. Kila msimu wa kampeni, kutoka Mtwapa hadi Marafa, ndivyo tunavyoandikiwa na kusomewa.

Maneno matatu yametumika hapo: wafuasi, wakereketwa, mashabiki. Mwandishi wa aina hii huyachukulia kama nguo tatu za mtu mmoja. Akichoka kumvisha hii humvisha ile, ili msomaji asichoshwe na neno lile lile. Walimu wetu wa insha ndio waliotufunza hivyo: usirudie neno, tafuta kisawe. Ni ushauri mwema, ila una hatari yake, maana si maneno yote yakaayo jirani yaliyo visawe.

Leo nataka tulichunguze moja kati ya hayo matatu, yaani mkereketwa. Naona ndilo linaloonewa zaidi, na kulionea si kosa la mtindo tu. Katika eneo kama Kilifi, tofauti baina ya anayekereketwa na anayefuata imewahi kuwa tofauti baina ya mtu kulala kwake na mtu kulala korokoroni.

Koo kwanza, siasa baadaye

Kitenzi kereketa ni cha kooni. Kilifi ni nchi ya mikorosho, na mtoto aliyelelewa huku hahitaji kamusi kuelezwa maana yake: akila bibo ambalo halijaiva sawasawa, koo humkereketa. Magimbi yasiyoiva nayo hukereketa. Pilipili zikikaangwa jikoni, humkereketa hata aliyeketi barazani. Ni mwasho wa ndani, usiofikiwa na kucha. Mkono ukiwasha utaukuna. Koo likikereketa utakohoa, utakunywa maji, utameza mate, na bado kitu kiko pale pale.

Aliyelihamisha neno hili kutoka kooni hadi kwenye siasa alichagua vyema. Alitaka kumtaja mtu ambaye jambo fulani limemkaa ndani, halimpi raha, na linamlazimu kufungua kinywa. Hakuna aliyemtuma aseme. Kunyamaza ndiko kunakomshinda. Na adhabu ya kaburi, wasemavyo wahenga, aijuaye ni maiti. Hali kadhalika mwasho wa koo aujuaye ni mwenye koo. Jirani ataona unakohoa tu.

Sasa hebu tazama umbo la neno lenyewe. Katika mkereketwa mna kiambishi -w-, kile cha kauli ya kutendwa, ambacho pia tunakiona katika mfungwa, mtumwa, mwajiriwa, mshtakiwa na mtahiniwa. Nomino za jinsi hii humtaja aliyetendwa jambo, si aliyelitenda. Na aghalabu kila mtendwa ana mtenda wake kando: mwajiriwa ana mwajiri, mshtakiwa ana mshtaki, mtahiniwa ana mtahini, na mtumwa, masikini, ana bwana wake.

Je, mkereketwa ana nani? Hakuna asemaye 'mkereketi'. Umbo hilo lingewezekana kisarufi, ila wasemaji wa Kiswahili hawakulihitaji, kwa kuwa kimkereketacho mtu si mtu mwenzake. Ni jambo: imani, dhuluma, tumaini, itikadi, hata lugha. Hivyo basi, kati ya majina yote ya watendwa niliyoyataja, hili ni la mtendwa asiye na bwana. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani ya neno hili, na ndipo panapopotea tunapoligeuza kuwa kisawe cha mfuasi.

Wala hatuko peke yetu katika kuiona dhana hii kama aina ya maumivu. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mtu wa aina hii lina mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kuumia pamoja na mwingine. Wao waliuweka uchungu huo katika kuumia pamoja; sisi tumeuweka kooni, mahali inapotokea sauti.

Lilivyovuka mpaka

Katika siasa, neno hili lilistawi zaidi Tanzania. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP, kina ngazi zake za uongozi kuanzia shina na tawi hadi taifa. Lakini mpita njia katika miji ya Tanzania atakutana pia na kibao cha 'Shina la Wakereketwa', pamoja na bendera, kwenye kijiwe cha waendesha bodaboda, cha wavuvi au cha wafanyabiashara wadogo wadogo. Hapo ni mahali pa watu walioguswa na chama na kupenda kuketi pamoja wakakizungumza.

Sikiliza pia hotuba za kule. Msemaji husalimia 'wanachama, wakereketwa na wapenzi wa chama'. Mtu hawasalimii watu wale wale mara tatu. Aliyeipanga salamu hiyo alijua kuwa mwanachama ana kadi, mkereketwa ana mwasho, na mpenzi ana mapenzi tu ambayo huenda hayajamtoa nyumbani. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, vyama vingine navyo vililitumia neno hilo hilo kwa watu wao.

Watanzania wakaongeza na pacha wake, mfurukutwa. Hapa mwanasarufi hutabasamu. Kufurukuta ni kuhangaika ndani ya kitu kilichobana, kama kuku aliyefunikwa tenga. Kwa kawaida mtu hafurukutwi, hufurukuta mwenyewe. Ile -w- imetiwa ili neno liimbane na wakereketwa, na masikio yakaridhika. Simlaumu aliyelibuni, maana lugha ya jukwaani hupenda mwangwi. Ila tujue kwamba la kwanza limejengwa juu ya maana na la pili juu ya sauti.

Huku Kenya tumelipokea mkereketwa kwa mlango mwingine. Sisi tunalisikia zaidi katika mambo ya lugha: fulani ni mkereketwa wa Kiswahili. Na ajabu ni kwamba katika matumizi hayo tunalitumia barabara. Hakuna anayedhani kuwa mkereketwa wa Kiswahili amelipwa na Kiswahili (laiti ingelikuwa hivyo, wengi wetu tungekuwa matajiri!). Hakuna anayedhani ana bwana aliyemtuma. Tunaelewa kuwa lugha imemkaa kooni. Likiingia kwenye habari za siasa tu, ufahamu huo unatutoka.

Majirani zake

Tuyapime sasa maneno yanayofanywa visawe vyake.

Mfuasi anatokana na kufuata. Ni neno la miguu. Lazima pawe na aliye mbele ndipo pawe na aliye nyuma. Katika dini ni neno la heshima kubwa, na mtu aweza pia kuwa mfuasi wa itikadi. Lakini zitazame habari zetu: baada ya 'wafuasi wa', kinachokuja karibu kila mara ni jina la mtu. Ile 'wa' ya uhusiano hugeuka polepole ikawa 'wa' ya umiliki, mpaka wakazi wa kata nzima wanaandikwa kana kwamba ni mbuzi wa fulani.

Shabiki ni wa uwanjani na wa ngomani. Anafurahia upande wake ukishinda, ananuna ukishindwa, kisha mchezo ukiisha anarudi nyumbani kula. Ushabiki ni starehe, ilhali kukereketwa ni kukosa starehe.

Mwanachama ni mtu wa sajili. Jina lake limeandikwa. Lakini hata sajili yaweza kusema uongo: mwaka 2021 Wakenya wengi walipokagua rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa, walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hao walikuwa wanachama kwa karatasi, bila kufuata, bila kushabikia, na bila kukereketwa na chochote, isipokuwa hasira ya kuandikwa.

Mpambe ni neno la harusini. Ndiye anayemkalisha bibi harusi, akamtengeneza nguo na vito apendeze machoni pa watu. Mpambe wa mwanasiasa hufanya kazi hiyo hiyo. Vijana wa Tanzania siku hizi wana neno kali zaidi, chawa, kwa anayeng'ang'ania mwili wa mkubwa ili apate cha kufyonza. Mpambe na chawa wote wana bwana.

Kisha kuna yule aliyepewa fulana, nauli na noti mbili tatu ili aje kupiga makofi pale uwanjani. Huyu hana jina la fahari katika Kiswahili, na halihitaji. Amekodiwa. Kwa mujibu wa sarufi yetu yeye ni mwajiriwa wa siku moja, na mwajiri wake anajulikana. Kumwita mkereketwa ni kumpamba, na kumwita mfuasi ni kumfungisha ndoa na mtu aliyekutana naye asubuhi.

Sugu na koo

Kuna kivumishi kimoja ambacho waandishi wetu wanakipenda mno: sugu. 'Mfuasi sugu', 'shabiki sugu', na sasa hata 'mkereketwa sugu'. Hapa ndipo nilipo na ugomvi hasa.

Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa. Mkulima ana sugu za jembe viganjani. Mvuvi ana sugu za kamba. Mcha Mungu huota sugu kwenye paji la uso kwa kusujudu. Mahali penye sugu hapaumi tena, na kazi ya sugu ndiyo hiyo, kuzuia kuhisi. Ndiyo sababu tunasema mhalifu sugu, au ugonjwa uliokuwa sugu kwa dawa: kinachokusudiwa kumgusa hakimgusi.

Mfuasi sugu basi ni maelezo yanayoeleweka. Ni mtu ambaye kiongozi wake ataiba, atahama chama, atasema leo hili na kesho lile, na yeye hasikii kitu. Lakini 'mkereketwa sugu' ni maneno mawili yanayopigana. Aliyeota sugu haumwi tena, na anayekereketwa hajaacha kuumwa. Tukiwaunganisha, tunamwambia msomaji kuwa anayehisi sana na asiyehisi kabisa ni mtu mmoja.

Wapo pia wapendao 'mfuasi kindakindaki'. Neno hili asili yake ni ungwana wa damu, mtu aliyezaliwa katika ukoo bora. Na mitaani tunasikia 'mimi ni chama fulani damu'. Tazama yanakotuelekeza maneno haya: kwenye damu, kwenye ukoo, kwenye kuzaliwa. Mtu huzaliwa na kabila. Hazaliwi na chama. Katika nchi ambayo siasa zake zimekwisha kuumizwa na ukabila, msamiati unaoufanya uamuzi wa mtu kuwa suala la damu si wa kuchezewa.

Ushahidi wa masanduku ya kura

Huenda ukaniuliza, profesa, haya yote ni ya kamusini. Je, watu wenyewe wanaonyesha tofauti hiyo? Nakujibu, wanaionyesha, na Kilifi ni mfano mzuri.

Mwaka 2013 Dan Kazungu alichaguliwa kuwa mbunge wa Malindi kwa tikiti ya ODM. Baadaye aliteuliwa waziri wa madini katika serikali ya Jubilee, na kiti kikawa wazi. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 7 Machi 2016, na vigogo wa pande zote mbili walipiga kambi mjini. Kama wapiga kura wa Malindi walikuwa 'wafuasi wa Kazungu', basi miguu yao ingemfuata alikoelekea. Walimchagua Willy Mtengo wa ODM.

Mwaka 2017 Gideon Mung'aro, ambaye awali alikuwa mbunge wa ODM, aligombea ugavana wa Kilifi kwa tikiti ya Jubilee. Alishindwa na Amason Kingi wa ODM. Kufikia 2022 mambo yalikuwa yamegeuka juu chini. Kingi alikuwa ametoka ODM na kuanzisha chama cha PAA. Aisha Jumwa, aliyeingia bungeni kwa ODM, aligombea ugavana kwa UDA. Mung'aro akarudi ODM, akagombea ugavana kwa mara nyingine, na akashinda.

Sisemi kuwa tikiti ya chama ndiyo sababu pekee. Uchaguzi una mambo mengi: mpinzani ni nani, muungano gani, fedha za nani, mgombea urais ni yupi. Wala simsifu wala kumlaumu yeyote kati ya wanasiasa hawa kwa kuhama, katiba inawaruhusu. Ninalosema ni la lugha. Mtu huyu huyu, kaunti hii hii, na jibu mbili tofauti. Aliyeandika 2017 kuwa hao ni 'wafuasi wa Mung'aro' au 'wafuasi wa Kingi' alikuwa na kazi ngumu ya kueleza 2022 hao wafuasi walikwenda wapi. Aliyeuliza ni nini kinachowakereketa watu wa Kilifi angalau alikuwa na swali la kumwongoza.

Wala jambo hili halikuanza na vyama. Mekatilili wa Menza alipozunguka nchi ya Wagiriama mwaka 1913, akiwalisha watu kiapo cha kupinga kodi na kazi za Waingereza, hakuwa na kadi za kugawa wala fulana. Ukoloni ulidhani kwamba ukimwondoa kiongozi wafuasi watatawanyika. Ukamkamata na kumhamishia mbali, Kisii. Mwaka uliofuata vita vilizuka. Waliomzuia walimwona kama mtu aliyewaburura wengine, wasione kwamba koo zilikuwa zikiwasha tangu kabla hajasema neno.

Neno likiwa kesi mahakamani

Msomaji, sasa tufike kwenye uzito wa jambo lenyewe.

Kaskazini ya Malindi, kando ya Mto Tana, uko mji wa Hola. Wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwapanga mahabusu wa Mau Mau kwa rangi: weupe, wa kijivu, na weusi. Mweupe alihesabiwa kuwa hana hatia au ametubu, wa kijivu alikuwa baina ya hapa na pale, na mweusi ndiye aliyedhaniwa hatabadilika, yaani, kwa lugha yetu ya leo, 'sugu'. Rangi hiyo iliamua upelekwe kambi gani na ufanyiwe nini. Hola ilikuwa kambi ya waliohesabiwa weusi, na tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa pale hadi wakafa. Walikuwa binadamu waliokwisha kuwekwa kwenye kasha la neno, na neno likarahisisha kazi ya rungu.

Tulipopata uhuru hatukuuacha mtindo huo wote. Mfano wa karibu ni wa Mombasa Republican Council, MRC. Serikali ilikipiga marufuku kikundi hicho mwaka 2010, na mwezi Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo kwa kuona inakiuka Katiba. Baina ya hapo, na hata baadaye, watu walikamatwa na kushtakiwa kwa madai ya kuwa wanachama, na habari ziliwaita 'wafuasi wa MRC'.

Tukumbuke kikundi hicho kilizungumzia nini pamoja na kaulimbiu yake ya 'Pwani si Kenya'. Kilizungumzia ardhi. Na suala la ardhi la Pwani lina umri mkubwa kuliko kikundi chochote. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wayasajili, na familia nyingi za Mijikenda hazikupata hati. Wajukuu wao wangali wanaitwa maskwota kwenye mashamba walikozikwa babu zao. Mzee wa Magarini au wa Mtwapa anayesema 'jambo hili la ardhi linanikereketa' anasema kweli tupu. Hajasema anataka kuitenga Pwani na Kenya. Hajakula kiapo cha mtu. Lakini akiandikwa 'mfuasi' wa kikundi kilichopigwa marufuku, sentensi moja imemtoa katika kundi la wenye malalamiko na kumtia katika kundi la washukiwa. Na jirani yake mwenye malalamiko yale yale, akiona hivyo, atameza mate anyamaze. Koo halitapona kwa kunyamaza.

Kuna mfano mwingine wa Kilifi, ambao si wa siasa, na ninautaja kwa huzuni. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Siku baada ya siku tulisoma kuhusu 'miili ya wafuasi' wa mhubiri Paul Mackenzie. Kesi ziko mahakamani, na huko ndiko hukumu itakakotolewa. Swali langu ni la neno tu. Miongoni mwa miili hiyo kulikuwa na ya watoto wadogo. Mtoto mchanga humfuata nani? Ana miguu gani ya kufuata? Neno 'wafuasi' liliwafunika wote kwa shuka moja, aliyekwenda kwa hiari, aliyepelekwa, na aliyebebwa mgongoni. Mtoto aliyebebwa mgongoni alikuwa mtendwa kwa maana kamili ya kauli ya kutendwa, na safari hii mtenda yupo na sheria inamtafuta.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: lugha hubadilika, na mkereketwa kwa wengi sasa ni mfuasi tu, basi tuache mambo yalivyo. Nakubali kuwa lugha hubadilika; kereketa lenyewe lilihama kutoka kooni hadi jukwaani. Lakini kuhama huko kulituongezea maana moja ambayo hatukuwa nayo. Badiliko linalofanya maneno matatu yaseme kitu kimoja linatunyang'anya mbili. Siyo mabadiliko yote yaliyo ukuaji; hata nguo huchakaa.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi. Je, mwasho hauwezi kutiwa na mtu? Mwanasiasa hawezi kuzikaanga pilipili makusudi, akaelekeza moshi barazani kwa watu? Anaweza, na tumemwona akifanya hivyo mara nyingi, hasa akigusa kabila au ardhi. Ndiyo maana sisemi kuwa mkereketwa ni neno la sifa. Wako wakereketwa wa haki na wako wakereketwa wa chuki. Uzuri wa neno ni kwamba kauli yake ya kutendwa hutulazimisha kuuliza: anakereketwa na nini? Swali hilo likijibiwa 'na bibo bichi', tunalijua la kufanya. Likijibiwa 'na moshi wa jikoni kwa fulani', tunamjua wa kumwendea. Mfuasi hatuletei swali hilo. Yeye hutuletea jina la kiongozi, na habari ikaishia hapo.

La kufanya

Kwa waandishi wa habari, wanafunzi wangu wengi wakiwemo, ombi langu ni dogo. Kabla hujaandika 'wafuasi wa fulani', jiulize umejuaje. Kama wameonyesha kadi, waite wanachama. Kama walimsindikiza huyo mtu kila alikokwenda, waite wafuasi. Kama walikuja kutazama, ni watazamaji. Kama ulielezwa na wenyewe kuwa walilipwa, andika walilipwa. Kama walikuja kwa sababu bei ya unga, kisima kilichokauka au shamba lisilo na hati limewakaa kooni, wape jina lao, wakereketwa, na utaje kinachowakereketa katika sentensi hiyo hiyo. Na kama hujui, liko neno lisilomwonea mtu: watu. Ukipenda andika wakazi, au umati. Hakuna mhariri atakayelikataa kwa kuwa ni fupi.

Kwako wewe mpiga kura wa Ganze, wa Kaloleni, wa Malindi na kwingineko: ibara ya 38 ya Katiba ya 2010 inakupa uhuru wa kufanya uamuzi wako wa kisiasa na kupiga kura ya siri. Kura ya siri maana yake ni kuwa hakuna mwenye haki ya kukuhesabu kwa jina la mtu mwingine kabla hujaingia kwenye kibanda. Tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027 utaitwa majina mengi majukwaani, na mengi yatakuwa na 'wa' ya fulani nyuma yake. Atakayekuita mfuasi wake, mwulize kwa adabu ni lini mlikubaliana. Na atakayekuita mkereketwa, msubiri akuulize la pili: unakereketwa na nini? Asipouliza, basi neno amelikariri tu.